Poti ya Baba kwa Kipimo cha Bati

Watu wa kijiji chetu waliniitaga mkono wa birika, na mimi sikukasirika hata siku moja. Nilikuwa muuza duka la ushirika, upande wa Butiama, miaka ile ambayo sukari ilikuwa habari ya kupeana njiani. Ikisikika kwamba lori limeonekana Makutano, watu walitupa majembe shambani wakaja mbio na vibuyu na madumu. Mimi ndiye nilikuwa nyuma ya kaunta, na daftari la kaya mbele yangu, na kipimo cha bati mkononi.

Kile kipimo alinitengenezea fundi bati wa Musoma kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Kilikuwa cha mafuta ya kula. Kilibeba vijiko vitatu vya chakula, si zaidi, na kilikuwa na mkono mrefu uliopinda mwishoni ili kining'inie msumarini. Kila kaya ilipata vipimo vinne. Uwe mwenyekiti wa kijiji, uwe mjane, vinne. Walikuja na sababu za kila aina: nimepata mgeni, mtoto anaharisha, tuna matanga. Niliwasikiliza wote na wote niliwajibu kitu kimoja, kwamba gawio lako umeshachukua, njoo lori likija. Kuna jirani mmoja alikuja na mtoto mgongoni, mtoto anachemka homa, akaniomba sukari kidogo tu ya kutia kwenye uji. Nilimwambia alete barua ya balozi wa nyumba kumi. Alikwenda, balozi hakuwepo, alikuwa Bunda, na yule mama hakurudi. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini mama yake hajanisalimia mpaka leo. Wakati ule nilisema ana maringo.

Halafu ukaja msako wa wahujumu uchumi, walioficha bidhaa. Muuza duka wa kijiji cha pili walimkuta na gunia chini ya kitanda, wakaondoka naye mbele ya watoto wake. Kwangu walipima kila kitu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wakakuta hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Yule mkubwa wao alinipa mkono. Jioni ile nikajiambia kwamba kilichoniokoa si Mungu peke yake, ni kile kipimo. Kuanzia hapo nilikipenda kama wenzangu wanavyopenda rozari.

Ruksa ya biashara ilipokuja, duka la ushirika lilikufa kifo cha mende. Sabuni ilirudi, sukari ikarudi, vitu vilipita mpakani Sirari mchana kweupe, na hakuna aliyehitaji tena daftari langu. Nilifunga duka, nikakabidhi funguo, nikarudi kwa baba na kipimo changu ndani ya kapu. Mume nilikuwa nimeachana naye zamani; habari yake haina kazi hapa.

Baba alikuwa mpishi. Ujana wake wote aliupikia Buhemba, enzi za mgodi, kwenye nyumba ya bwana mmoja wa kizungu aliyekuwa anaishi peke yake. Mgodi ulipofungwa bwana akaenda kwao, baba akarudi kulima mihogo, lakini upishi haukumtoka. Alikuwa anakunja kanga ya kufutia mikono pembe kwa pembe. Ugali akiletewa bila maji ya kunawa, hali, anayasubiri maji. Mama yangu, marehemu, alikuwaga anamtania kwamba ameolewa na mzungu.

Mwaka ule baba alianza kukwamwa na chakula. Kwanza nyama, halafu ugali, halafu hata dagaa wa kusaga. Nilimpeleka hospitali Musoma, Musoma wakatutuma Mwanza, Mwanza wakamtia mpira kooni wakaangalia, wakaniita pembeni wakaniambia ni saratani ya koo, nimrudishe nyumbani, nimpe uji na maziwa na chochote anachokitamani. Daktari alisema hivyo kwa upole kabisa. Nilimchukia kwa upole wake.

Nyumbani tulikuwa watatu: baba, mimi, na shangazi, dada yake baba, mjane mnene mwenye sauti ya kiume, aliyekuja kunisaidia kumgeuza kitandani. Kaka yangu alikuwa anafanya kazi Tanga. Nilimpelekea simu ya maandishi kutoka posta ya Bunda, nikiomba aje upesi.

Basi nikamwuliza baba anatamani nini. Nilitegemea atasema supu ya sato. Alitabasamu kama mtu aliyefumaniwa, akasema anatamani poti.

Sikuijua. Akanieleza. Ni divai nyekundu, nzito, tamu, yenye ukali ndani ya utamu. Bwana wa Buhemba alikuwa anakunywa glasi moja kila usiku akishamaliza kula, glasi moja tu, na kazi ya baba ilikuwa kuondoa sahani, kufuta makombo mezani, kuleta chupa, kujaza ile glasi hadi karibu na ukingo bila kumwaga tone kwenye kitambaa cheupe, na kusimama nyuma ya kiti. Bwana akienda kulala, baba anaosha vyombo. Chini ya glasi huwa panabaki matone mawili matatu. Hayo ndiyo baba alikuwa anakunywa, amesimama jikoni kwenye karo. Miaka kumi na minne.

"Sijawahi kunywa glasi nzima, mama," aliniambia. Baba aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Nataka nikae mezani, nijaziwe, ninywe hadi chini. Mara moja tu."

Nilimwambia hilo ni jambo dogo, asiwe na wasiwasi. Na kweli lilikuwa dogo.

Nilikwenda Musoma kumchukulia vidonge vya maumivu, ambavyo ilibidi tuvisage kwa kijiko kwanza. Karibu na njia ya kushukia Mwigobero kulikuwa na duka jipya, la mtu aliyekuwa anavuta vitu kutoka Kenya. Rafu zimejaa biskuti, betri, sabuni za kuogea za rangi tatu. Nilisimama mlangoni kama mshamba. Nilijaribu kumweleza mwenye duka, divai nyekundu, ya wazungu, ya baada ya chakula, akanikatiza akaniuliza si poti hiyo, akanyoosha kidole juu. Zilikuwa nne, zina vumbi. Nilitoa hela niliyoiweka kwa ajili ya kitenge, nikanunua moja. Zikabaki tatu. Naziandika hizo tatu makusudi, kwa sababu niliziona kwa macho yangu.

Jioni ile baba aliishika chupa kwa mikono miwili. Alisoma karatasi yake kwa kidole, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa kandili. Shangazi akamsifia kwamba leo anafanana na bwana arusi. Baba akaniomba glasi. Tulikuwa nayo moja, ile ya mguu, bwana wa Buhemba alimwachia siku ya kuondoka, na mama alikuwa anaiwekea vifungo vya mashati kabatini.

Nikaitoa, nikaitazama. Ilikuwa kubwa. Macho yangu yalikwishaipima kabla sijajua kwamba ninapima. Ingekula karibu vipimo vyangu vitatu kwa mkupuo mmoja.

Nikairudisha kabatini, nikachukua kile kipimo cha bati. Nilikuwa nimekisugua kwa majivu na kukichemsha mara mbili, hakikunuka mafuta hata kidogo. Nilimimina kwa uangalifu, nikampa baba.

Alikitazama. Ninaomba Mungu anisahaulishe alivyokitazama. Mtu aliyefuta glasi kwa kitambaa kikavu miaka kumi na minne, akinyanyua kila moja kwenye mwanga aone kama ina alama ya kidole, sasa ameletewa poti kwenye bati la kopo. Lakini hakukirudisha. Alikishika kwenye mkono wake wa bati uliopinda, akanywa, akafumba macho, koo likafanya kazi yake kwa shida.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Inachoma, lakini inachoma vizuri."

Usiku ule alilala saa tatu mfululizo. Tangu Mwanza hakuwa amelala hivyo. Kabla hajalala alinisimulia kwamba bwana alikuwa anaifanya chupa moja idumu siku sita. Alisema kwa kunichekesha tu, alikuwa anakumbuka. Mimi nilisikia kingine kabisa. Nikajiambia, sita? Mzungu mwenyewe ameshindwa kazi. Nilichukua kalamu, nikagawa ile karatasi ya chupa kwa mistari kumi na sita, myembamba, sawasawa, nikairudisha chupa kabatini. Sikuifunga kwa ufunguo. Kwa mistari ile hakuna ambaye angeigusa nisijue. Nilikwenda kulala nimeridhika, nikiona kwamba nimempatia baba siku kumi na sita.

Siku ya pili alikumbushia ile glasi. Alisema kwa adabu, kama anaomba likizo: leo nina nguvu kidogo, mnaweza kunikalisha mezani. Nikamwambia tusubiri kaka afike, mle pamoja, nitandike kitambaa, nikujazie hadi juu mbele ya mwanao. Akasema sawa, ni vizuri zaidi hivyo. Nikampa kipimo chake.

Siku ya tatu maumivu yalimzidi. Vidonge vilikuwa vinamrudi pamoja na uji. Jioni alikunywa kipimo chake, akalala saa moja, akaamka anaugulia, meno yameumana. Shangazi akaniambia nimwongezee. Nikamwambia divai si dawa, itamchoma koo. Shangazi akaniuliza, koo lipi unalolitunza wewe? Akasema basi mpe ile glasi yake leo, huyu kijana wa Tanga atakuja siku atakayokuja, na ikiisha kesho panda basi uende Musoma ukanunue nyingine.

Nikamwambia Musoma zimekwisha.

Nimejiuliza sana kwa nini nilisema vile. Hakuna aliyenikataza kununua. Nauli nilikuwa nayo, basi lilikuwa linapita Makutano kila asubuhi, na tatu zilikuwa juu ya rafu na vumbi lake. Lakini ulimi ulikuwa umezoea. Miaka sita mfululizo nilikuwa nimesema neno lile kwa kila aliyeniuliza: hakuna, zimekwisha, njoo lori likija. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka nililiamini. Nilikuwa nalinda ile chupa kama vile baada yake dunia haina nyingine. Nilikuwa naona rafu zilizojaa nasema ni kiini macho, kesho zitakuwa tupu, na mjinga aliyekunywa kwa glasi atabaki analamba mdomo. Sikuwa peke yangu. Kijiji kizima kulikuwa na akina mama waliokuwa bado wanaficha sabuni chini ya mahindi, na duka la sabuni liko mlango wa pili. Ila wao walificha sabuni. Mimi nilimfichia baba yangu.

Siku ya nne hakuweza kukaa. Tulimwegemeza kwenye magunia mawili ya pumba. Alikunywa kipimo chake kwa kulalia upande, divai nyingine ikamtoka pembeni mwa mdomo, na mimi, nitasema ukweli, jicho langu lilikwenda kwanza kwenye shuka, kuona imemwagika kiasi gani. Shangazi aliliona lile jicho. Alinyanyuka akatoka nje, nikamsikia anapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Siku ya tano baba alikuwa na utulivu fulani. Alimwomba shangazi amkate kucha. Aliuliza kama kaka ameleta habari, hakuwa ameleta. Mchana alikunywa maziwa vijiko viwili, akayatapika. Jioni nilimpa kipimo chake, akakinywa chote bila kumwaga, akanirudishia bati mkononi, na hakuliachia.

"Mama," akasema, "nijazie leo. Tusimngoje."

Ningeweza kumjibu maneno elfu. Nilikuwa nimechoka, sikulala siku nne, mgongo unaniuma, na yale maneno yalikuwa yamekaa tayari mdomoni, yamelainika kwa kutumiwa.

"Gawio la leo umeshachukua, baba."

Nilisema kwa sauti ile ile ya kaunta. Nilijisikia nikiisema. Shangazi alishika kichwa. Baba aliachia bati, akanitazama kwa muda, hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo limenitesa kuliko kama angenilaani. Akasema, "Sawa, mama. Wewe ni mwaminifu." Akageuza uso ukutani.

Nikamwambia kesho. Nikamwahidi kabisa: kesho, kaka aje asije, nakutandikia meza nakujazia. Kisha nikaenda chumba cha pili nikaanguka kitandani, shangazi akabaki naye.

Asubuhi niliamka kumekucha. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya kwenda kumjulia hali baba, nilifungua kabati nikaangalia chupa. Divai ilikuwa imekaa juu ya mstari wa tano, sawasawa kabisa, haijapungua unywele. Nikafurahi. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezika watu wengine, na bado nikikumbuka kwamba nilifurahi natamani kujificha. Ndipo shangazi akaniita kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Alikuwa ameshakwenda. Mikono yake ilikuwa imewekwa juu ya shuka vizuri, shangazi alikwishamfunga kidevu kwa kipande cha kanga.

Tulimzika kesho yake nyuma ya nyumba. Katekista alisoma, wanakwaya waliimba, yule jirani asiyenisalimia alikuja na kuni kichwani akaziweka akaondoka bila kunitazama. Watu walinisifia. Walisema baba amepata binti wa kumwuguza, wangapi wanakufa peke yao. Nilishukuru kila mmoja. Sikujua pa kuweka macho.

Kaka alifika siku ya pili baada ya maziko. Treni ilikwama Tabora, akalala stesheni, akapata lori la pamba kutoka Mwanza. Alilia kaburini mpaka wajomba wakaenda kumwinua. Jioni wanaume walikaa sebuleni, kaka na wajomba wanne, mimi niko jikoni nasonga ugali wa wageni. Shangazi akapita, akafungua kabati, akachukua chupa, sikumzuia. Nilimsikia anawaambia hii ilikuwa ya marehemu, kunyweni, isilale humu ndani. Aliwamiminia kwenye vikombe vya chai, akijaza. Mjomba mmoja alisema ni kama dawa ya kikohozi. Mwingine aliuliza kama ipo nyingine. Kaka alionja, akasema tamu mno, akampa mwenziwe kikombe. Chupa niliyoigawa kwa siku kumi na sita ilikwisha kabla ugali haujaiva.

Nilipeleka sinia, nikarudi jikoni. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepea moto ambao haukuwa na haja ya kupepewa. Nilimwambia anisute sasa, anitukane, nimechoka kusubiri. Nilimwambia najua nilimnyima baba.

Hakunisuta. Alisema kuna jambo alitaka anifiche, lakini ameona litamwozea tumboni.

Alisema usiku ule wa mwisho, nilipokwenda kulala, alitoa ile glasi, akamwaga vifungo, akaisuuza. Akatoa na chupa kabatini. Alikuwa ameshaifungua. Alikuwa ameamua kumjazia ndugu yake liwalo na liwe, na asubuhi angenikabili mwenyewe.

"Akanishika mkono," shangazi akasema. "Akaniambia, usimwibie. Ataangalia asubuhi, atakuta imeshuka chini ya mstari, ataona hata humu ndani mwake kuna wezi. Amesemwa vibaya kijiji kizima kwa sababu ya kipimo, na mimi baba yake nikipunje?"

Nilimwuliza kwa nini hakuja kuniamsha. Akasema alitaka, baba akamkataza, akasema niachwe nilale, nimeuguza sana.

Nikamwuliza baba alifanya nini baada ya hapo. Shangazi alinitazama kama anapima kama nitaweza kubeba. Akasema aliomba akalishwe. Kumfikisha mezani asingeweza peke yake, kwa hiyo alimkalisha pale pale kitandani, akamwegemeza kwenye kifua chake, akamtandikia upande wa kanga yake mapajani. Akairudisha chupa. Akaijaza glasi maji ya mtungini, hadi karibu na ukingo, bila kumwaga, akamwekea mdomoni. Baba akaishika kwa mikono miwili akajaribu.

Maji hayakupita.